Haki ya Kwanza ya Kukataa

Siku ile Leimanu aliposimama mlangoni pa farea, nyumba yetu ya mikutano, mtu wa kwanza kumwambia akae chini nilikuwa mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu wako watu hapa Marapoa wanaosimulia habari hii kana kwamba sote tulikuwa nyuma yake tangu mwanzo. Hatukuwa. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kazi ya ulinzi, buti na tochi, na sikutaka mtu aniharibie.

Leimanu ni binti wa shangazi yangu, naye na Chifu Taripakoa ni ndugu wa tumbo moja. Alikuwa amerudi kijijini mwaka mmoja tu nyuma, baada ya kufanya kazi miaka kumi na tisa katika benki moja huko Vila, mji mkuu wa visiwa vyetu, idara ya mikopo. Hakuolewa. Alirudi na sanduku la vitabu na tabia ya kuuliza "maana yake nini?" kila unapomaliza kusema. Ukimwambia mvua itanyesha kesho, anataka kujua umejuaje. Kwa desturi zetu mimi na yeye ni watani, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumwita Bi Benki, naye aliniita Mkulima wa Mawe, maana kipande changu cha shamba kina mawe mengi kuliko viazi vikuu.

Mwaka huo alikuja Bwana Rendell kutoka ng'ambo, Brisbane. Alitaka kukodi Ufuko Mweupe kwa miaka sabini na tano, ajenge hoteli. Hakuja mikono mitupu. Alimletea chifu mashine mpya ya boti, akaahidi bati za paa la kanisa, ambalo kimbunga cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimeling'oa nusu. Alikuja pia na mkalimani wake, Tavoa, mtu wa kisiwa cha Ambae, wa umri wa miaka thelathini na kitu hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukukata.

Kikao cha kwanza kilikuwa kizuri sana. Wanaume huketi ndani ya farea, na siku hizo wanawake walikaa nje upande wa jikoni, wakifunga laplap, chakula chetu cha viazi vikuu vya kukuna na tui la nazi, kwenye majani huku wakisikiliza kupitia ukuta wa mianzi. Rendell aliweka hati mezani, kurasa kumi na moja za Kiingereza. Tavoa alikuwa akisoma sentensi moja kimoyomoyo, anatulia kidogo, kisha anatuambia kwa Bislama, lugha inayotuunganisha watu wa visiwa vyote.

"Kodi itakuwa ya jina," alisema.

"Jina la nani?" chifu akauliza.

Tavoa alitazama karatasi. "Jina lenu, chifu. Kodi itatoka kwa jina lenu."

Hilo lilitupendeza. Kisha akasema ardhi itatumika kwa usalama. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza kama ni mambo ya ulinzi, na kama walinzi watatoka hapa hapa kijijini. Tavoa akamnong'oneza Rendell, Rendell akanitazama, akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Pale pale nikajiona nimevaa buti.

Wakaendelea. Mpangaji atafurahia mahali hapo kwa utulivu. Mchungaji aliuliza kama hiyo ina maana hakutakuwa na muziki wa disko siku ya Jumapili. "Kwa utulivu, mchungaji," Tavoa alisema. "Imeandikwa kabisa." Mchungaji akaegemea ukuta, ameridhika.

Lakini kilichomfanya chifu ajinyooshe kwenye kiti kilikuwa kwenye ukurasa wa saba.

"Haki ya kwanza ya kukataa," alisoma Tavoa.

"Rudia."

"Haki ya kwanza ya kukataa, chifu. Imo humu."

Chifu akatugeukia kama mtu aliyeshinda kesi. "Mmesikia? Tukiona hatupendi, tunakataa. Sisi kwanza." Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza kwa makini. Ilikuja sentensi moja ndefu sana karibu na mwisho, kuhusu kufidiana pale muda utakapokwisha, na ndani yake tukashika neno moja tu, maendeleo. Tukapiga makofi tena. Rendell akasema atarudi baada ya wiki mbili kwa ajili ya saini, akaacha nakala kwa chifu, tukala.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa chifu kuazima sururu. Nikamkuta Leimanu amekaa barazani kwa kaka yake, anasuka mkeka.

"Kaka, naomba ile karatasi," alikuwa anasema.

"Hayo ni mambo ya farea."

"Nitaisoma hapa hapa mbele yako. Siili."

Chifu alicheka, akachukua panga lake akaenda shamba. Aliporudi mchana, dada yake alikuwa pale pale. Alimpita akaingia ndani. Kesho yake nilirudisha sururu, nikamkuta tena. Safari hii mke wa chifu alikuwa amempa chai na mkate, na wanawake wawili watatu walikuwa wamekaa naye kama vile ni jambo la kawaida. Siku ya tatu chifu alitoka ndani ameshika ile hati, akaitupa mapajani mwake.

"Chukua, kabla mkeka wako haujafika barabarani."

Aliisoma siku nne. Nyumba yake iko njiani ninapokwenda shamba, kwa hiyo nilimwona kila siku: kamusi kubwa iliyopasuka mgongo, daftari, na hati imetandazwa juu ya meza ya jikoni. Siku ya nne nilisimama dirishani nikamchokoza.

"Bi Benki, umeshapata kosa la tahajia?"

"Ingia, Kalorib," alisema. "Ingia ukae. Nataka nikueleze kitu, halafu ucheke ukimaliza kusikia."

Akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Alipoajiriwa benki alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kwa kuwa alijua Kiingereza cha shule walimweka mezani awasaidie wateja. Akaja mzee mmoja wa kisiwa cha Emae, na mkwewe aliyekuwa anakopa kununua basi dogo. Kulikuwa na mahali mzee alipotakiwa kutia saini. Mzee akauliza, binti, hapa mimi nakuwa nani? Leimanu akaliangalia neno la Kiingereza. Hakulijua. Meneja alikuwa nyuma yake, kuna foleni mpaka mlangoni. Akasema, "Shahidi, mzee. Unashuhudia tu kwamba amekopa."

"Kumbe?" nikauliza.

"Kumbe mdhamini. Mkwewe alishindwa kulipa, wakamfuata yeye. Alikuwa na boti yenye injini, ndiyo iliyokuwa inalisha nyumba nzima. Ikaenda." Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha gauni. "Alikuja benki. Hakwenda kwa meneja. Alikuja mezani kwangu, akasimama, akaniambia, 'Binti, ulisema shahidi.' Basi. Hakutukana. Akageuka akaondoka."

Nikamuuliza hiyo inahusianaje na Ufuko Mweupe.

"Nilinunua kamusi hii Jumamosi ile ile," alisema. "Na tangu hapo sijamwambia mtu maana ya neno nisilolijua. Huyu Tavoa anawaambia."

Akanionyesha. Nitasema kweli, nilielewa nusu, na ile nusu niliyoielewa sikuitaka. Nilimwambia kwamba mkalimani ni mtu wa mjini, kwamba Bwana Rendell ameshaahidi kazi, kwamba yeye hana watoto wa kusomesha. Hilo la mwisho nililijutia kabla halijamaliza kutoka mdomoni. Leimanu akafunga daftari.

"Umemaliza? Sasa unaweza kucheka."

Jioni hiyo alikwenda kwa kaka yake. Mke wa chifu ndiye aliyetuambia baadaye walivyosemezana. Chifu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mkalimani amesomea kazi yake, "na wewe kule benki ulikuwa unapiga mhuri."

"Nilikuwa napiga mhuri juu ya maneno haya haya," Leimanu akamjibu.

"Mashine nimeshaipokea. Bati zinakuja. Unataka niwaambie watu nini?"

"Waambie ulichosoma."

"Nimesoma wapi mimi?"

"Ndiyo hiyo sasa, kaka."

Chifu akamfukuza.

Siku ya saini ilikuwa Jumamosi. Tulichinja nguruwe wawili. Watu walikuwa wamevaa mashati ya maua, na mchungaji alikuwa ameandaa sala ya kufungua na nyingine ya kufunga. Rendell alikuja na gari jeupe la kukodi, Tavoa pembeni yake amebeba mkoba. Meza ikawekwa katikati ya farea, hati juu yake, kalamu juu ya hati.

Sala ya kwanza ikaisha. Chifu alikuwa anavuta kiti ndipo mwanga wa mlangoni ulipopungua. Leimanu alikuwa amesimama kwenye kizingiti, daftari mkononi. Nyuma yake walikuwa wanawake, wote wa jikoni, mikono bado ina tui la nazi. Hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuvuka kile kizingiti wakati kikao kinaendelea.

"Dada, kaa chini," nikasema. "Kaa huko nje. Usitutie aibu mbele ya mgeni."

"Nitakaa, Kalorib," alisema. "Nina swali moja kwa mkalimani, nikishajibiwa nakaa." Akaingia.

Wazee wawili wakaanza kufoka. Chifu alinyanyua mkono, nadhani ili amtoe, lakini Leimanu hakumtazama kaka yake. Alikuwa amemtazama Tavoa, na alizungumza Bislama taratibu, kila mtu asikie.

"Mwanangu, ukurasa wa tatu. Ulituambia ardhi itatumika kwa usalama. Nani yuko salama hapo?"

Tavoa alimwangalia chifu, chifu hakumzuia. "Ardhi, mama."

"Salama kutokana na nani?"

Watu wakacheka kidogo. Tavoa naye akatabasamu, lakini jasho lilikuwa limeanza kwenye kola.

"Tuseme unataka kukopa benki," Leimanu aliendelea. "Kitu cha kwanza wanachokuuliza ni nini?"

"Dhamana."

"Dhamana. Kwa Kiingereza wanaiitaje?"

Tavoa akainama juu ya ukurasa wa tatu. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Rendell alimgusa begani, akamuuliza kitu. Tavoa alimjibu kwa maneno mawili.

"Security. Ni neno hilo hilo, mama," alisema hatimaye. "Lina maana zote mbili."

"Nami nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Basi soma tena, lakini safari hii weka dhamana."

Akasoma. "Mpangaji anaweza kuitumia ardhi hii kama dhamana." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza, "Kwa mkopo wowote atakaouchukua."

Nilihisi buti zikinitoka miguuni. Mzee Kalsong, aliyekuwa anafoka muda si mrefu, alimuuliza jirani yake kwa sauti, "Ina maana ataiweka benki ardhi yetu?" na jirani akamwambia anyamaze asikie.

"Hiyo kodi ya jina," Leimanu akasema, "si jina letu. Ni kodi iliyopo kwa jina tu. Vatu mia moja kwa mwaka. Imo kwenye ukurasa wa pili, namba imeandikwa. Mkebe mmoja wa samaki, mgawane kijiji kizima. Na huo utulivu wake, mchungaji, hauhusu habari za disko. Maana yake ni kwamba hakuna mtu wa kumsumbua akishakuwa pale. Hawa mama hapa mlangoni, maji yakipwa wakitaka kwenda kuokota kome kwenye mwamba, watakuwa wanamsumbua."

Kelele zikapanda. Chifu akapiga meza kwa kiganja.

"Basi. Tunayo haki ya kwanza ya kukataa," alisema. "Hiyo niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Mambo yakiwa mabaya, tutakataa."

Leimanu akamgeukia. Tangu aingie ndiyo mara ya kwanza kumtazama kaka yake, na sauti yake ilipungua ukali.

"Hiyo haki ni yake, kaka. Si yetu. Inahusu mashamba ya juu, mpaka mtoni. Siku tukitaka kumkodisha mtu yeyote mashamba hayo, lazima tumpelekee yeye kwanza. Yeye akikataa, ndipo tuulize wengine. Ndiyo maana ya kukataa kwanza. Wamemwandikia yeye."

Chifu alimtazama Tavoa. Tavoa alifungua ukurasa wa saba, akasoma, akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

"Sisi haki ya kukataa hatukuandikiwa mahali," Leimanu akasema. "Na hatuhitaji kuandikiwa. Hata nisipopewa na karatasi hii, ninayo. Naitumia sasa, mbele yenu wote. Mimi nakataa."

"Wewe ni nani wa kukataa?" mzee mmoja akamuuliza.

"Mtu aliyeisoma."

Rendell alikuwa amechoka kungoja. Alisimama, akasema kwa Kiingereza, polepole kama anavyosemeshwa mtoto, na Tavoa akatafsiri: haya ni maneno ya kawaida, yamo katika kila mkataba, hakuna cha kuogopa.

Leimanu alimjibu moja kwa moja kwa Kiingereza chake cha benki. Nilimwona Rendell akirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyesemeshwa na kiti. Baadaye Leimanu alitueleza alichomwambia: "Kwako ni ya kawaida. Hapa ndiyo kwanza yanasomwa."

Ikabaki ile sentensi ndefu. Leimanu akamwomba Tavoa aisome, ile yenye maendeleo. Tavoa akaisoma kimoyomoyo. Akarudia. Kisha akaiweka hati chini, akafanya kitu ambacho mimi, kwa maisha yangu yote, sijawahi kumwona mtu aliyevaa shati la pasi akikifanya mbele ya watu.

"Hilo silijui," alisema. "Nilidhani ni maendeleo kama barabara, zahanati. Sasa sina hakika. Nisingependa kusema."

"Asante," Leimanu akasema. "Humo ndani maana yake ni majengo. Kila atakachokijenga pale."

Chifu alikuwa ameshika kalamu tangu mwanzo, nafikiri alikuwa amesahau kuwa ameishika. Akamwambia Tavoa, "Muulize. Sitaki sentensi yake, nataka jibu. Miaka sabini na tano ikiisha, wajukuu zangu wakitaka ardhi yao, watamlipa majengo yake?"

Tavoa akauliza. Rendell akaanza kueleza. Alieleza kwa mikono, akachora kitu hewani, akaonyesha bahari, akataja Brisbane, akataja serikali. Alieleza mpaka moshi wa nguruwe ukaanza kuingia farea kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwageuza nguruwe motoni. Tavoa alisikiliza yote, mikono nyuma. Rendell alipomaliza, Tavoa akamgeukia chifu.

"Ndiyo," alisema.

"Amesema hivyo tu?"

"Amesema mengi. Jibu ni ndiyo. Kwa bei ya siku hiyo."

"Na wasipokuwa na hela?"

Tavoa hakumuuliza Rendell. "Ataendelea kukaa, chifu."

Chifu aliilaza kalamu juu ya meza. Alisema, leo hatusaini. Hakusema kwa ukali, wala hakumwangalia dada yake. Rendell alikusanya karatasi zake bila kuaga, akaingia kwenye gari lake jeupe, akaondoka. Alimwacha Tavoa amesimama uwanjani na mkoba.

Mke wangu Leitau alimpelekea sahani ya laplap. Tavoa alikaa juu ya gogo, akala, suruali yake nzuri imejaa majivu. Kesho yake baada ya ibada nilimpeleka Vila kwa pikapu yangu. Tulipokaribia mji akaniuliza Leimanu alitumia kamusi gani. Sikujua jina lake.

Sasa watu wengine huishia hapo wanaposimulia, maana hapo panapendeza. Lakini mashine ya boti ilirudishwa, na chifu ilimuuma. Bati hazikuja. Misimu miwili ya mvua tulisali tukiwa tumejibana upande mmoja wa kanisa. Binti yangu mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mshahara wa ulinzi, na Leitau, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na tui mikononi kama wenzake, ndiye aliyemwendea Leimanu akamuuliza, "Dada, umetuokoa au umetufukarisha?"

"Sijui," Leimanu alisema. "Labda vyote viwili. Sikuwaahidi hela. Nilichowaambia ni kilichoandikwa."

"Na karo?"

"Mwambie mumeo aje tuongee. Na mtoto aje hapa kila siku mchana, asikae bure."

Nilikwenda, nikiwa na aibu. Alinilipia nusu ya muhula uliofuata, na binti yangu alishinda kwake akisoma Kiingereza cha mikataba, ambacho mwalimu wake shuleni alikishangaa.

Rendell alipata ufuko mwingine, ng'ambo ya rasi, kwa watu wengine. Hoteli ilijengwa. Vijana wetu wanne wanafanya kazi huko, na mshahara wao unafika, siwezi kuficha. Lakini kuna ukuta wa mawe mpaka ndani ya maji, na wanawake wa kule wakitaka kwenda mwambani wanazunguka nusu saa. Mwaka wa tatu kibao cha mlangoni kilibadilishwa jina. Shemeji yangu anaishi kule. Nilimuuliza nani kainunua, akasema hawajui, wameamka wamekuta kibao.

Chifu hakumsemesha dada yake miezi mitano. Wakikutana njiani, chifu anaangalia bahari. Kwenye mazishi ya mjomba wetu walikaa mkeka mmoja, wamepeana migongo. Leimanu hakwenda kumwomba radhi. Nilimshauri aende, nikamwambia yeye ni mdogo, neno moja tu lingetosha.

"Neno gani?" akaniuliza.

"Samahani."

"Samahani ya kitu gani, Kalorib? Nitajie, nitakwenda sasa hivi."

Nikaaga, nikaenda shamba.

Mwezi wa sita tangu siku ile ya saini, asubuhi, nilikuwa jikoni kwake nikingoja binti yangu amalize zoezi, chifu akatokea mlangoni. Hakubisha hodi. Alikuwa na bahasha ya kahawia. Mwanawe anayefanya kazi Vila alitaka kukopa kununua kiwanja, na benki ilikuwa imeleta fomu, kuna mahali baba anatakiwa kutia saini. Aliiweka mezani mbele ya dada yake, akabaki amesimama.

"Soma," alisema.

Leimanu aliitazama bahasha, akamtazama yeye. Akavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa. Utasoma wewe. Mimi nitakwambia ukikosea."

"Mimi na Kiingereza wapi na wapi?"

"Wapi na wapi, lakini saini ni yako."

Nilidhani chifu ataondoka, mkono wake ulikwenda mpaka kwenye bahasha. Kisha akakaa, akatoa fomu, akaishika mbali na uso kama wanavyofanya watu wa umri wetu, akaanza kusoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Binti yangu aliacha kuandika akamtazama. Mstari wa kwanza aliumaliza. Kwenye wa pili akakwama, akanyanyua macho kuomba msaada.

Leimanu alimimina chai vikombe vinne, akamwacha akwame kidogo.